Bustani ya majirani kwa mtu mwenye mawazo: anzeni na mchicha

Usianze na nyanya. Najua mtu akisikia bustani picha inayomjia ni nyanya, tena pale soko la Chifu Kingalu, hapa Morogoro, ndizo zinazolipa kuliko majani. Lakini nyanya inataka karibu miezi mitatu. Inataka kusimikiwa miti, kupogolewa, kuangaliwa kila kukicha, na bado kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anaweza kuingia mnapokaribia kuvuna akatoboa majani na matunda kwa pamoja. Mkulima wa biashara atasonya, atahesabu hasara yake, na msimu ujao atarudi. Mtu ambaye kwa muda mrefu hajaona sababu ya kutoka kitandani atasema, "Si niliwaambia? Mimi kila ninachogusa kinaharibika." Huyo humwoni tena.

Mchicha unachomoza siku ya nne au ya tano. Wiki ya nne uko kwenye sufuria. Panda huo kwanza, na pembeni yake tuta la matembele, maana matembele hata ukiyachomeka vibaya yanashika. Mtu akikosea, mmea haumsuti.

Mimi ni bibi shamba mstaafu, niko Morogoro, upande wa kwenda Bigwa. Miaka yote ya kazi nilifundisha watu kuvuna magunia mengi zaidi kwa ekari. Nilipostaafu nyumba ikawa kimya, simu haiiti, na nikaanza kuona ni watu wangapi mtaani kwetu wanaishi na kimya hicho hicho: wajane, wastaafu, wasichana waliojifungua wakarudi kwao, vijana waliomaliza chuo na bado wako kwenye kochi la baba. Bustani ninayoieleza hapa ni ya hao. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni moja, mengine ni maelekezo tu: kinachomtoa mtu ndani ni zamu. Mboga ni kisingizio kizuri cha kuwa na zamu. Kwa hiyo kila uamuzi, wa eneo, wa mbegu, wa maji, uupime kwa swali hilo: je, utafanya mtu asubiriwe na mwenzake?

Eneo

Msiende mbali mkafuate shamba kubwa. Tafuteni kipande kidogo ambacho watu wanakipita wakienda dukani, hata kama ni dampo. Hasa kama ni dampo. Binti yangu aliye SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huniletea makala, na moja niliipenda: mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za viwanja 541 vilivyotelekezwa mjini Philadelphia, Marekani. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao, vingine viliokotwa takataka tu, vingine viliachwa na vichaka vyake. Kwa majirani wa vile vilivyopandwa, idadi ya waliosema wanajisikia kuzama kwenye huzuni ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na wale wa vichaka. Na hao hawakushika jembe. Walikuwa wanapita tu.

Ruhusa iwe ya maandishi, kutoka kwa mwenye kiwanja au serikali ya mtaa, itaje miaka, angalau miwili, na iwe na mashahidi. Dampo huwa halina mwenyewe. Siku matembele yakikolea kijani, mwenyewe anatokea na hati mkononi. Kikundi cha watu wenye mioyo mizito kikifukuzwa kwenye ardhi waliyoisafisha kwa mikono yao, ni vigumu kukikusanya tena.

Uzio wa miti au matete uwe tayari kabla ya kupanda. Kuku wa jirani wamewahi kuvunja urafiki wa miaka.

Maji hesabu hivi. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, wakati wa kiangazi, linataka keni mbili hadi tatu za lita kumi kila jioni. Matuta manne basi ni keni nane hadi kumi na mbili. Watu wawili wakienda na kurudi bombani wanamaliza kama nusu saa, na huo ndio muda ninaoutaka. Ikizidi hapo inakuwa adhabu, ikipungua hakuna maongezi. Waholanzi walipima jambo linalofanana na hili mwaka 2011: waliwapa watu kazi ya kuwachosha akili, kisha wengine wakalima kwa nusu saa na wengine wakasoma ndani. Wote walipoa, lakini kotisoli, ile homoni ya msongo, ilishuka zaidi kwa waliolima, nao ndio waliorudi na furaha yao. Kwa hiyo akija mfadhili na mpira wa maji au mitambo ya matone, mshukuruni, mkaufunge huko kwingine. Hapa tunataka keni.

Kualika

Usimwambie mtu, "Njoo bustanini, itakuondolea mawazo." Umeshamtangaza kuwa mgonjwa, na atakaa ndani kukuthibitishia kuwa yeye mzima. Mwombe msaada, tena msaada wa kweli. "Dada, naomba unishikie kamba nipime matuta, niko peke yangu." "Mzee shikamoo, nasikia kwenu Mgeta mnajua kabichi, hebu njoo unitazamie udongo huu." Mtu aliyezoea kuonewa huruma anashtuka kidogo akiombwa kitu. Huo mshtuko ni mzuri.

Na kisiwe kikundi cha wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kiwe kikundi cha bustani ya mtaa, watu kumi au kumi na wawili, wenye mawazo na wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Kwa hesabu hiyo watu kumi na wawili wowote uwakusanye tayari unao wawili, na huenda si wale unaowadhania. Kwetu aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote alikuwa ndiye mchekeshaji.

Anayesema mchanganyiko huu ni mambo ya Wazungu mwambie habari za Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa akili kwenye nyumba za wanavijiji jirani na hospitali badala ya kuwafungia wodini. Walikuwa na ndugu zao pembeni, walikwenda hospitali kupata tiba, na muda uliobaki waliishi maisha ya kijiji, shamba likiwamo.

Siku ya kwanza ya kupanda

Lainisheni udongo, wekeni samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, mchanganye. Tuta lisizidi upana wa mita 1, ili mtu aliyechuchumaa upande mmoja afikie katikati bila kukanyaga, na ili wawili waweze kufanya kazi wakiwa wametazamana. Hilo la kutazamana silisemi kwa bahati mbaya. Njia kati ya matuta iwe nusu mita, pana ya kutosha mzee na fimbo yake.

Mbegu ya mchicha ni ndogo sana. Ukiimwaga hivi hivi inaota kama nywele. Chukua kijiko kimoja cha chakula, changanya na konzi tatu nne za mchanga mkavu, gawa mchanganyiko huo kwa watu wawili kwenye visahani. Mmoja anachora mfereji kwa ncha ya kijiti, kina kifupi tu, kama kucha ya kidole gumba. Mwingine anafuata, anabana mchanga kwa vidole vitatu na kuuachia taratibu. Kazi hii haiwezi kufanywa kwa haraka na haiwezi kufanywa ukiwa unawaza kitu kingine kwa muda mrefu, kwa sababu ukiwaza unaona mchanga umejaa sehemu moja. Fukia kwa udongo mwembamba, tandaza nyasi kavu, mwagilia. Nyasi ziondolewe mara miche ikianza kuchungulia.

Tulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Mke alishafariki, watoto wako Dar. Alikuwa anakuja, anasalimiwa, anaitikia marahaba, anakaa kwenye jiwe lake na kofia imeshuka machoni. Hakuna aliyemhimiza. Jioni moja vijana wawili walikuwa wanachora mifereji ya mchicha kwa macho, bila kamba, na mzee akasema kutoka pale alipokaa, "Reli ikijengwa hivyo, treni inaishia mtoni." Akainuka, akaomba kamba na vijiti viwili, akaipiga mistari ikanyooka kama daftari. Tangu siku hiyo hakuna tuta linalopandwa kabla Mzee wa Reli hajaweka kamba, na akichelewa wote tunakaa kumsubiri. Tunaweza kuweka kamba wenyewe, bila shaka. Hatuweki.

Mtafutie kila mtu kamba yake. Yupo anayejua kuhesabu, mpe daftari. Yupo asiyeweza kuinama, mjazie udongo kwenye gunia, toboa mashimo ubavuni, apande sukuma wiki akiwa ameketi kwenye stuli. Yupo asiyetaka kuongea na mtu, mpe kitalu cha chainizi, ambacho kinadai utulivu. Kazi ndogo yenye jina la mtu inazidi kazi kubwa ya wote.

Zamu

Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo soma taratibu.

Wapange wawili wawili, na jozi isibadilike msimu mzima. Siku iwe ile ile kila wiki, saa ile ile. Sisi ni saa kumi na moja jioni, jua limeshainama upande wa milima ya Uluguru na udongo haunyonyi maji yote kwa mpigo. Jozi sita zinachukua siku sita, na siku ya saba wanakuja wote kupalilia na kuvuna. Usiwaweke pamoja wawili wanyamavu. Usimweke mkwe na mkwe. Usimweke anayedai na anayedaiwa, hata kama ni deni la sukari. Mwenye maneno mengi mweke na mnyamavu, halafu mwambie yule msemaji faraghani kuwa kazi yake ni kueleza habari za mtaa na asiulize maswali.

Kwa nini jozi na si kundi? Kwenye kundi la kumi, mtu asipokuja hakuna anayeona. Kwenye jozi, asipokuja kuna mwenzake amesimama bombani na keni mbili. Mwenye sonona hujiambia kuwa asipokuwepo hakuna kitakachopungua, na hoja hiyo huwezi kuishinda kwa maneno. Inashindwa na mtu aliyechoka kubeba keni kumi na mbili peke yake, aliyepiga hodi kuja kulalamika kidogo.

Kuhusu kupiga hodi kuna utaratibu. Mtu akikosa zamu, mwenzake anapitia kwake jioni hiyo hiyo na fungu la mboga. Anasema, "Hili lako. Jumanne tuko pamoja." Anaondoka. Haketi, haulizi umekuwaje, haleti wajumbe. Akikosa mara ya pili, anarudia vile vile. Akikosa ya tatu, jozi inamwambia mtu mmoja ambaye kikundi kimeshakubaliana naye tangu mwanzo, mtu mzima anayejua kufunga mdomo, na huyo ndiye anayeingia ndani na kuketi. Fungu la mboga ni muhimu kwa sababu aliyejifungia hawezi kumfukuza mtu aliyemletea haki yake.

Mkiwa kazini, maongezi yataanza yenyewe. Watu husema mengi wakiwa wanaangalia udongo kuliko wakiwekwa kwenye viti uso kwa uso, na wanaume ndio zaidi. Akianza kusema, endelea kupalilia. Usisimamishe jembe ukamkazia macho. Maneno ya "jikaze", "mbona una watoto wazuri", "wenzio wana shida kuliko wewe" yabaki nje ya uzio. "Amelogwa" nalo hivyo hivyo. Jibu linalotosha mara nyingi ni "pole" na "enhe", na kumsogezea kisahani cha mbegu.

Dawa za wadudu

Nimefanya kazi na viuatilifu maisha yangu yote na sina ugomvi navyo kwenye shamba la biashara. Kwenye bustani hii visiwepo kabisa. Hata chupa moja iliyofungiwa stoo na ufunguo kwa mwenyekiti, hapana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa karibu kifo kimoja kati ya vitano vya kujiua duniani hutokana na sumu hizo, na saa mbaya ya mtu mara nyingi ni fupi; kisipokuwepo kitu karibu, inapita.

Mboga za majani hazihitaji sana hivyo. Vidukari kwenye chainizi na sukuma osheni kwa maji yenye sabuni kidogo, sehemu ya chini ya jani ndiko wanakojificha. Au twangeni kama kilo moja ya majani ya mwarobaini, lowekeni usiku kucha kwenye lita tano za maji, chujeni, ongezeni sabuni kidogo ili ishike, nyunyizeni jioni. Majivu kuzunguka miche kwa ajili ya konokono. Haya yote yakishindwa, ng'oeni tuta, lisheni mbuzi, pandeni upya. Mchicha ni wiki nne.

Bustani na hospitali

Bustani haichukui nafasi ya daktari. Mtu ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana raha na chochote, halali au analala mchana kutwa, hali chakula au anakula bila kipimo, anajiona hana thamani, huyo apelekwe kituo cha afya, na hospitali ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Msindikizaji bora ni mwenzake wa jozi. Akitaja kufa, hata kwa utani, asiachwe peke yake na aende siku hiyo hiyo. Kwa ushauri wa haraka Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Kuna muuguzi mstaafu kwenye kikundi chetu aliyetufundisha mambo mawili ambayo mimi wa kilimo nisingeyajua. Dawa za ugonjwa wa akili kama klopromazini hufanya ngozi iungue na jua upesi, kwa hiyo anayeitumia apewe zamu ya jioni, kofia na mikono mirefu. Anayetumia lithiamu, nayo dawa ya akili, asifanye kazi ya jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, kwani mwili ukikauka dawa hupanda kwenye damu ikawa hatari. Kwa hiyo pale pana dumu la maji ya kunywa kwa wote, bila kuuliza nani anameza nini. Na anayejisikia nafuu asiache dawa zake kwa sababu matembele yamestawi. Hilo aliongee na aliyemwandikia.

Pesa

Msimu wa kwanza msiuze. Watakuja wachuuzi wa mchicha, watawaambia bei, na mtaona macho ya watu yanabadilika. Uza, na siku hiyo hiyo anazaliwa mweka hazina, na wiki ijayo anazaliwa anayemshuku mweka hazina. Wale tuliowatafuta, wanyamavu na wazito, ndio wa kwanza kujiondoa kwenye kelele. Kila wiki gawaneni mafungu sawa kwa sawa, awe amelima sana au kidogo, na mabaki yapikwe pale pale, hata kwa ugali wa chungu kimoja chini ya mwembe. Kula pamoja kwa mtu anayekula peke yake kila siku ni sehemu ya kazi, na iandikwe kwenye ratiba kama palizi. Msimu wa pili, kama watu wameshazoeana, uzeni ziada ya kununulia mbegu na kulipia bili ya maji.

Masika

Kikundi kikivunjika, mara nyingi huvunjika kati ya Machi na Mei. Mvua inamwagilia yenyewe, mchicha unaoza mashina, njia zinateleza, na kila mtu anajiambia kuwa leo hakuna haja ya kwenda. Wiki tatu za namna hiyo zinatosha kumrudisha mtu chumbani. Kwa hiyo vuli ikikaribia kwisha, acheni mashina machache bora ya mchicha yapevuke, msiyakate, na mkaushe vichwa vyake. Tafuteni baraza au banda lenye paa. Jozi zibaki zile zile, saa ile ile, na kazi iwe ya mikono: kupukuchua mbegu na kuzipeta, kushona viriba kwa mifuko ya unga, kunoa majembe, kukausha majani ya kunde kivulini. Mbegu zifungwe kwenye bahasha za karatasi, kila bahasha iandikwe aina yake, mwezi wa kuvunwa na majina ya jozi iliyozichambua, maana Juni ikifika ndizo mtakazopanda, na kila jozi itazitaka za kwake.